Kivuli: Hakuna

Kila ilipofika saa kumi alasiri, Kinda alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine wa mtaa ule aliyekuwa nayo. Wenzake walitoka shuleni wakaenda kuruka kamba au kutumwa sokoni. Yeye alipita mlango wa nyuma wa zahanati, akamwamkia muuguzi mkuu, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Sista, kisha akachukua daftari lililoning'inia ukutani kwenye msumari. Kalamu ilifungwa kwenye daftari kwa kamba ya katani, maana kalamu za zahanati zina miguu. Akiwa na daftari kwapani, alipanda ngazi ya chuma ya tangi la maji mpaka kipandio cha nane. Kutoka hapo aliliona paa lote.

Juu ya paa zilikaa paneli sita za jua, nyeusi, kila moja kubwa kama mlango. Kinda aliandika mambo matatu: tarehe, vijiti vya chaji alivyovisoma kwenye kioo cha kisanduku cha betri, na kama kulikuwa na kivuli kilichogusa paneli. Vijiti vinne maana yake betri zimeshiba. Safu ya mwisho ilikuwa na kichwa kimoja tu, "Kivuli", na kwa miezi mingi aliandika chini yake neno lile lile: hakuna.

Kazi hiyo alipewa na fundi wa umeme jua, mama mrefu aliyetembea na pikipiki iliyobeba ngazi na marobota ya waya. Mtaani walimbandika jina la Mama Waya, na wenye midomo yao walisema ana waya nyingi kuliko nywele. Alihudumia zahanati saba, kwa hiyo hapo alifika mara moja kila miezi mitatu. Alihitaji jicho la kila siku, na nyumba ya akina Kinda ilipakana na zahanati ukuta kwa ukuta.

Siku aliyomfundisha kazi, Mama Waya alimwambia kwamba paneli zile zimeungwa kama watu waliojipanga mstari kupitishiana ndoo za maji. Mmoja akikaa chini kupumzika, ndoo zote zinakwama kwake. Kivuli kikigusa paneli moja, nyingine tano nazo zinalegea. Kinda alielewa upesi, akauliza swali moja.

"Na kikiwa ni kivuli cha mti?"

"Mti unakatwa," Mama Waya alijibu huku akikaza skrubu, bila hata kuinua macho.

Kinda hakuuliza tena. Aligeuka akatazama ng'ambo ya ukuta, nyuma ya nyumba yao, ambako mzambarau ulikuwa umesimama ukichezacheza na upepo.

Mzambarau ule aliupanda mama yake. Aliupanda alipokuwa na mimba ya Kinda, mche wenye majani manne, akauzungushia matofali mabovu ili kuku wasiuparure. Mtoto alipozaliwa, alifungua mdomo kutafuta ziwa kabla hajafungua macho, ndiyo maana mama akamwita Kinda. Kila Kinda alipotimiza mwaka, mama alimsimamisha ameegemea mti, akalaza kiganja juu ya utosi wake, na pale kiganja kilipogusa gome akatia alama kwa kisu cha jikoni. "Haya, tuone nani atakuwa mrefu, wewe au huyu ndugu yako," alisema kila mwaka, na kila mwaka mti ulishinda, na wote wawili walicheka.

Alama zilikuwa tisa. Ya kumi haikutiwa. Kinda alipokuwa na miaka tisa na miezi michache, mama alikwenda zahanati kujifungua mtoto wa pili, na siku iliyofuata yeye na mtoto wakazikwa. Sasa Kinda alikuwa na miaka kumi na miwili. Sauti ya mama ilikuwa imeanza kumpotea, jambo alilomficha kila mtu. Lakini alipopitisha vidole kwenye alama zile moja baada ya nyingine, ilirudi.

Walibaki yeye na baba. Baba alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, aliyenuka vumbi la mbao hata siku ya sikukuu. Alikuwa na tabia moja iliyowakasirisha wateja wenye haraka: hakuwahi kuziba ufa kwa unga wa mbao na gundi kisha akapaka rangi juu, kama walivyofanya wengine. Ubao ukiwa na ufa, alimwita mteja auone.

Kivuli cha kwanza kilifika mwanzoni mwa muhula. Tawi moja la mzambarau lilikuwa limevuka ukuta, na jua lilipoelekea magharibi, kivuli cha majani yake kikaangukia pembe ya paneli ya sita. Kilikuwa kidogo kama kitambaa cha mkononi. Kinda alisimama kwenye kipandio cha nane muda mrefu kuliko kawaida. Mti unakatwa, Mama Waya alisema. Akaangalia chini, Sista alikuwa na foleni ya wagonjwa. Akaangalia juu, hakuna aliyemwona. Basi akaandika: hakuna.

Siku iliyofuata aliandika tena, na iliyofuata pia. Siku ya kwanza mkono ulikuwa mzito, lakini mkono nao huzoea. Kivuli kikawa kama taulo, kikawa kama shuka, kikaanza kufika mapema zaidi mchana. Vijiti vya chaji vikawa vitatu, kisha viwili. Kinda aliandika vinne. Alijiambia kwamba betri ni nyingi, na umeme wa nguzoni bado unakuja, hata kama ni wa mgao. Ni kweli ulikuja, siku hii saa nne, kesho saa mbili, na kila ulipokuja friji ya chanjo ilikula kutoka huko, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba betri zinalala njaa. Uongo wa Kinda ulipata mahali pa kujificha.

Mama Waya alipokuja kukagua katikati ya muhula, alikuja asubuhi, wakati paa lote lina jua na vijiti vyote vimepanda. Alifunua daftari, akaona namba zilizopangika na mwandiko safi, akampiga Kinda kofi jepesi la begani kwa furaha. Alisema laiti kila zahanati ingekuwa na binti kama huyu. Usiku ule Kinda hakula.

Kisha mvua zikachelewa. Redio ikatangaza kwamba maji katika mabwawa ya kuzalisha umeme yamepungua, na mgao utaongezwa. Mtaani umeme ulikatika Jumapili, watu wakasema utarudi Jumatatu. Jumatatu wakasema Jumanne. Mashine za kusaga zikanyamaza, vinyozi wakakaa nje wakipiga soga, na watu wakatazama paa la zahanati kwa matumaini, wakisema angalau pale pana jua. Jumatano asubuhi Sista alifungua friji ya chanjo, na kipimajoto kikamwambia alichokuwa hataki kusikia. Friji ilikuwa na joto kama kabati la nguo.

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Akina mama walijaa kwenye mabenchi, wengine wakiwa wametoka mbali tangu alfajiri. Mmoja alikuwa na mapacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na vumbi limemfika magotini. Sista alitoka nje akawaambia chanjo zote zimeharibika, na zinapoharibika hazifai hata kujaribiwa. Aliwaomba radhi. Mama wa mapacha alikaa kidogo, akafunga upya kanga yake, akawapanga watoto wake vile vile alivyokuja nao, akashika njia ya kurudi. Kinda alikuwa akipita kwenda shule, akaona yote. Alitaka kumkimbilia, ila aliendelea na njia ya shule.

Mama Waya alifika mchana huo huo, akakaa siku tatu. Alizifungua betri moja moja, akazipima, akazipima tena. Nusu yake zilikuwa zimekufa kabisa. Ijumaa asubuhi kamati ya zahanati ikakutana chini ya paa la kusubiria wagonjwa, na Kinda, ambaye shule yao ilikuwa imefunga muhula jana yake, alisikiliza akiwa kwenye dirisha la nyumba yao lililotazama zahanati. Mwenyekiti wa kamati hakuwa mtu mbaya, lakini mjukuu wake alikuwa miongoni mwa waliorudishwa, na tangu mwanzo yeye alitaka jenereta mpya. Alisema umeme wa jua ni mchezo wa watoto. Alisema betri zile huenda zilikuwa kuukuu tangu siku ya kwanza, na fundi alijua.

Mama Waya alifungua daftari mbele yao. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Daftari linaonyesha paneli zimepata jua kila siku, bila kivuli. Kama paneli zilipata jua na betri zimekufa, basi kosa liko kwenye betri, na betri nilizichagua mimi. Sina pa kujitetea."

Kamati ikaamua paneli zishushwe Jumatatu. Tena Mwenyekiti akasema atazitumia barua zile zahanati nyingine sita, zijue zinafanya kazi na mtu gani. Mama Waya aliitikia kwa kichwa, akaomba tu aruhusiwe kukusanya vifaa vyake. Kinda aliondoka dirishani akaenda kuukumbatia mzambarau, paji la uso kwenye alama ya tisa. Kwa mara ya kwanza sauti ya mama haikuja.

Saa kumi ilipofika, mazoea yalimpeleka zahanati. Sista alikuwa peke yake katika chumba cha friji, akitia vichupa vya chanjo katika sanduku la taka, kimoja kimoja, kana kwamba anazika kitu. Kinda alimwamkia. Sista aliitikia marahaba, kisha akaanza kusema bila kugeuka, kama mtu anayesema na ukuta.

"Unajua kwa nini naililia hii sola kuliko mshahara wangu? Kwa ajili ya ile taa ya chumba cha kujifungulia."

Akasimulia. Miaka mitatu nyuma, jioni ya mvua, umeme ulikuwa umekatika siku ya pili, na jenereta haikuwa na tone la dizeli. Mama alijifungua, kisha damu ikaanza kutoka. Sista alikuwa ameng'ata simu kwa meno ili kurunzi yake immulikie mikono. Alitafuta damu ilikotokea, akakaribia kupaona, na simu ikaisha chaji. Mtoto naye alihitaji mashine ya kumsaidia kupumua, na mashine haikuwa na umeme.

"Mama yule hakupiga kelele," Sista alisema. "Aliniambia, usiogope, dada. Alikuwa ananituliza mimi." Akageuka, macho yamejaa. "Alikuwa mama yako, Kinda. Nilimwahidi baba yako nitakuambia ukikua, nikawa naahirisha kila mwaka."

Sista akamvuta, akamweka karibu, akaendelea kwa sauti ya chini. Wiki moja baada ya mazishi, baba alikuja akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Hakumlaumu mtu. Aliuliza swali moja tu, ni taa ya aina gani isiyozimika. Ndipo alipoanza kupita nyumba kwa nyumba na ofisi kwa ofisi, mpaka wafadhili wakapatikana na Mama Waya akaletwa. Fremu za mbao zilizobeba paneli zile alizichonga yeye mwenyewe. Tangu taa ile iwake, Sista alisema, akina mama arobaini na mmoja walijifungua chini yake, na wote walirudi nyumbani kwao.

Kinda alijinasua akakimbia nje. Mama Waya alikuwa uani akifunga ngazi yake kwenye pikipiki.

"Fundi, usiondoke kwanza. Naomba upande kule juu."

"Kufanya nini, mwanangu? Nimepanda siku tatu."

"Hukupanda saa hizi. Ulikuwa huku ndani na betri. Panda, nakuomba."

Kitu fulani katika uso wa mtoto yule kilimfanya Mama Waya aiache kamba. Alipanda. Kwenye kipandio cha nane alisimama, akazihesabu paneli moja moja. Paneli nne kati ya sita zilikuwa ndani ya kivuli cha mzambarau, kimetulia juu yake kama ng'ombe aliyelala barabarani. Aliposhuka, alikaa chini kwenye kipandio cha kwanza.

"Tangu lini?"

"Tangu muhula ulipoanza. Niliongopa kwenye daftari, Fundi. Vijiti pia niliongopa. Siku tisini na mbili, nimezihesabu."

Mama Waya alijifuta uso kwa mkono wenye mafuta, ukabaki na weusi. "Siku tatu hizi nimejiona mwizi," alisema. "Nimejiuliza hata ufundi nilijifunza nini." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, akauliza swali ambalo wakubwa wengi husahau: "Kwa nini?"

Kinda alimshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha alama tisa. Alieleza kila kitu. Mama Waya alizigusa alama zile kuanzia ya chini, pole pole, mpaka ya juu. Alipozungumza, hakuwa na hasira tena, na hilo lilimuuma Kinda zaidi.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningeomba tawi moja. Lile pale, nene kama mkono wako."

"Tawi? Ulisema mti unakatwa."

Mama Waya alifikiri, akakumbuka, akafumba macho. Alisema ni kweli, alisema hivyo, ulimi ulimtangulia akili, na kosa hilo ni lake. Lakini sasa hali ilikuwa nyingine. Nusu ya betri zimekufa, na nyingine hazitapatikana mwaka huu. Zilizobaki zingeweza kubeba friji na taa kwa shida, zikipata jua lote, asubuhi mpaka jioni, bila kukosa hata saa moja. Na mzambarau ukikatwa juu juu, utachipua kwa hasira na kufika paneli kabla ya msimu wa pili. Kinda alikuwa ameshaelewa.

Baba aliporudi jua likizama, aliwakuta wote watatu uani, Sista naye amekuja. Kinda alimweleza mwenyewe, amesimama wima. Alingoja kufokewa. Baba aliweka chini sanduku la vifaa, akatazama juu kwenye tawi lililovuka ukuta.

"Mimi nililiona," alisema.

Wote wakamgeukia. Baba alisema yeye ni seremala, hawezi kutoona tawi. Aliliona tangu likiwa jembamba. Mara mbili alitia msumeno makali siku ya Jumapili, na mara mbili akaurudisha kwenye msumari, akijiambia wiki ijayo. Alijua kivuli kitaangukia wapi. Alijiaminisha kwamba kama kingekuwa na madhara, daftari lingesema.

"Kwa hiyo nilimwachia mtoto wa miaka kumi na miwili kazi iliyonishinda mimi," alisema. Alimvuta Kinda, akauficha uso wake kwenye shati lililonuka vumbi la mbao, na wote wawili wakalia kama waliofiwa upya.

Jumamosi asubuhi kamati iliitwa tena. Kinda alisoma mbele yao ukurasa baada ya ukurasa wa yale aliyoandika, akasema kila mstari ulikuwa uongo. Baba alisimama kando yake akasema la kwake. Mwenyekiti aliwasikiliza akichezea fimbo yake. Mwishowe alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye pikipiki ya Mama Waya, akaifungua ngazi iliyofungwa, akaibeba mwenyewe mpaka ukutani na kuiegemeza chini ya paneli. Alisema paneli hazitashushwa na barua haitaandikwa, na kwamba mzee akikosea naye huomba radhi, basi anaomba. Mama Waya akajibu yameisha.

Mti ulikatwa Jumapili. Baba alikataa msaada wa vijana wa mtaani. Alianza na matawi, akayashusha kwa kamba ili yasivunje ukuta, na Kinda ndiye aliyeshika kamba. Zambarau changa, za kijani, zilidondoka kama mvua ya mawe. Shina lilipobaki tupu, baba alipima kiganja kimoja juu ya alama ya tisa, akatia msumeno hapo. Ulikwenda mbele ukarudi, mbele ukarudi, na kila uliporudi Kinda alihisi unapita ndani ya kifua chake. Mti ulipoanguka, ndege waliokuwa wameruka mbali walirudi wakazunguka mahali ulipokuwa, hawaelewi.

Walikaa juu ya gogo, baba na binti, wakanywa maji ya mtungini. Baba alisema polepole, kwa sababu maneno marefu hakuyazoea.

"Mwanangu, ufa ukiuona mapema kwenye ubao, unautia gundi na kibanio, kesho umepona. Ukiuziba kwa unga na rangi, unapendeza, lakini chini unaendelea kutembea, mpaka siku mtu anakalia kiti kinavunjika. Mimi nimekataa kuwafanyia hivyo wateja maisha yangu yote. Nyumbani kwangu nikafanya. Ukweli tungeusema siku ya kwanza, ungetugharimu tawi. Tumeukawiza, umetugharimu mti, umemchafulia fundi jina, na watoto wa watu wamerudi bila chanjo. Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba."

"Na mama yako hayumo kwenye mti. Nilitaka awemo, ndiyo maana niliogopa. Lile alilolikosa yeye ni mwanga. Tukiuziba mwanga ili tumkumbuke, tunamkumbuka vibaya."

Mama Waya naye alikuwa na adhabu yake. Alimpa Kinda kalamu nyekundu, akamwambia arudi nyuma mistari yote tisini na miwili, na kila palipoandikwa uongo aandike kando yake ukweli, kadiri anavyokumbuka, kwa sababu bila hivyo daftari lile halitamfaa fundi yeyote. Kinda aliandika "kipo" mpaka vidole vikafa ganzi. Alipomaliza alilikabidhi kwa mikono miwili, akijua kazi imemtoka. Sista alilipokea, akalitundika kwenye msumari wake ule ule, akamwambia kesho asichelewe.

Wiki mbili baadaye zilikuja chanjo mpya. Umeme wa nguzoni ulikuwa umekatika tangu Jumanne, lakini friji ilinguruma kwa upole pembeni na kipimajoto kilikaa mahali pake. Mama wa mapacha alikuja, maana Sista alimtumia ujumbe na Mwenyekiti akatoa nauli ya kumfuata. Watoto walichomwa sindano wakalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anaanza, na benchi zima likacheka. Kinda alimletea mama yao maji ya kunywa. Alimwambia kilichotokea na kumwomba msamaha, na mama yule akampa pacha mmoja amshike.

Saa kumi ilipokaribia, Kinda alipita kwanza nyuma ya nyumba. Aliegemea kisiki kwa mgongo, kama zamani, akalaza kiganja juu ya utosi wake mwenyewe, akakisogeza nyuma kutafuta gome. Kiganja kilipita hewani. Kichwa chake kilikuwa juu ya kisiki. Mashindano yale ya miaka yote alikuwa ameshinda yeye, na hakukuwa na mtu wa kucheka naye.

Akaenda zahanati, akalichukua daftari, akapanda mpaka kipandio cha nane. Paneli sita zilikuwa zinapigwa na jua, pasina hata kivuli cha jani. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na anga tupu. Aliandika tarehe. Aliandika vijiti vinne, maana kweli vilikuwa vinne. Alipofika safu ya mwisho, kalamu ikasimama. Neno lile alikuwa ameliandika kwa uongo mara tisini na mbili, bila kulitazama paa mara ya pili. Tangu mti ukatwe lilikuwa kweli, na bado kila jioni aliinua macho akazipitia paneli moja moja kabla ya kuliandika.

Hakuna, aliandika, akashuka kumsaidia Sista kufunga madirisha.